Daktari Alzheimer na macho ya Bi. Auguste

JINA la Alzheimer tumelizoea. Linatajwa hospitalini, redioni, hata msibani pale mtoto wa marehemu anapoeleza jinsi mzee wake alivyoishi miaka ya mwisho bila kuwatambua wajukuu. Lakini ukiuliza jina hilo ni la nani, wengi watakujibu kwamba ni neno la madaktari tu, kama malaria au kisukari. Sivyo. Alzheimer alikuwa mtu, tena mtu wa kuonekana: mwili mkubwa, miwani ya kubana puani, biri nene mkononi na kovu shavuni.

Nimeamua kumleta katika ukurasa huu kwa sababu jambo lililomshinda yeye ndilo linalohangaikiwa leo. Alzheimer aliweza kuthibitisha ugonjwa huu baada tu ya mgonjwa kufa na ubongo wake kukatwa vipande vyembamba. Leo wataalamu wanajaribu kuunasa miaka kadhaa kabla, mzee akiwa bado anakwenda sokoni na kuhesabu chenji yake mwenyewe, na mojawapo ya njia wanazozijaribu ni kamera inayofuata mwendo wa macho. Ukisoma maisha ya daktari huyu utaona kwamba macho ya mgonjwa wake yalikuwa yakimwambia jambo tangu mwanzo.

Alois Alzheimer alizaliwa Juni 14, 1864 katika mji mdogo wa Marktbreit, kando ya mto Main, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani. Baba yake, Eduard, alikuwa mwanasheria wa kuandika na kuthibitisha mikataba. Familia ilihamia Aschaffenburg ili watoto wapate shule nzuri, na mwaka 1883 kijana Alois akaenda Berlin kusomea udaktari, kisha akaendelea Würzburg.

Huko Würzburg alijiunga na chama cha wanafunzi. Enzi hizo vyama vya wanafunzi wa Kijerumani vilikuwa na desturi ya kupigana kwa panga kama mchezo wa heshima, na kovu la usoni lilikuwa cheti cha uanaume. Alzheimer alipata lake upande wa kushoto. Katika picha zake nyingi utaona ametugeuzia upande wa kulia, na sababu ni hiyo.

Mwaka 1887 alihitimu kwa utafiti juu ya tezi zinazotengeneza nta ya sikio. Naam, nta ya sikio. Msomaji unaweza kucheka, lakini kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kukaa na hadubini saa nyingi bila kuchoka, na bila hadubini leo tusingelijua jina lake.

Mwishoni mwa mwaka 1888 aliajiriwa katika hospitali ya Manispaa ya Frankfurt ya wagonjwa wa akili na wa kifafa. Wenyeji wa mji waliliita jengo hilo kasri la wendawazimu. Mkuu wake, Emil Sioli, hakupenda wagonjwa wafungwe kamba au kutiwa vyumba vya giza, na kijana huyu mpya akawa upande wake. Waliwatuliza wagonjwa kwa maji ya vuguvugu ya kuogea, wakawaacha watembee uani, na zaidi ya yote walikaa nao na kuzungumza. Mwaka uliofuata akaja daktari mwingine, Franz Nissl, aliyekuwa amebuni njia ya kuzitia rangi seli za ubongo ili zionekane vizuri. Wawili hao wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Mchana walikuwa wodini, usiku kwenye hadubini.

Katikati ya muongo wa 1890 Alzheimer alimwoa Cecilie, mjane tajiri wa mfanyabiashara wa almasi. Wakapata watoto watatu. Ndoa hiyo haikudumu hata miaka kumi, kwani Februari 1901 Cecilie alifariki. Dada yake Alzheimer akaja kuwalea watoto, na yeye akazama kazini. Sidhani ni bahati tu kwamba mwaka huo huo wa msiba ndio alioandika kwa makini kuliko wakati wote juu ya mgonjwa mmoja.

Mgonjwa huyo aliletwa hospitalini Novemba 25, 1901. Aliitwa Auguste Deter, mwenye umri wa miaka 51, mke wa karani wa reli. Mume alieleza kwamba mambo yalianza kwa wivu: mkewe alianza kumshuku bila sababu. Kisha akaanza kusahau. Chakula kikamharibikia jikoni, vitu vya nyumbani akavificha mahali asipokumbuka, usiku akawa anakokota shuka na kupiga kelele. Mwanamke wa miaka 51 si kikongwe. Madaktari wa wakati huo walijua kwamba baadhi ya wazee wa miaka 80 hupoteza kumbukumbu, nao waliona ni uzee. Huyu je?

Kesho yake Alzheimer aliketi naye, na akarudi siku zilizofuata. Faili lake limebaki, nami nikisoma yaliyoandikwa humo huona mtu mvumilivu sana. Alimwuliza jina lake, jina la mumewe, mahali alipo. Wakati wa chakula cha mchana Auguste alikuwa anakula nyama ya nguruwe na koliflawa. Alipoulizwa anakula nini, akajibu kuwa ni spinachi. Daktari alimwonyesha kitu kimoja kimoja: penseli, kalamu, ufunguo, biri. Vingi alivitaja sawasawa. Vilipoondolewa, muda mfupi baadaye alikuwa hakumbuki alionyeshwa nini. Alipoambiwa aandike jina lake, aliandika neno la kwanza, lile la kumaanisha Bibi, kisha akasahau alichokuwa anaandika, ikabidi atajiwe neno moja baada ya jingine.

Kuna mambo mawili katika maandishi ya Alzheimer kuhusu Auguste ambayo wasimulizi wengi huyaruka, nami leo ndiyo niliyoyafuata.

La kwanza ni mboni. Alzheimer alizimulika na kuona kwamba zinasinyaa ipasavyo mwanga unapoingia. Alikuwa na sababu. Wakati huo wodi za wagonjwa wa akili zilijaa watu ambao kaswende ilikuwa imefika ubongoni, na mboni isiyoitikia mwanga ilikuwa alama mashuhuri ya hali hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa ugonjwa huo. Kwa hiyo aliyatazama macho ya Auguste, akayaona mazima, akaliondoa tatizo la kaswende, akaendelea na mengine.

La pili ni kusoma. Auguste aliposomeshwa maandishi alikuwa anatoka mstari mmoja na kuingia mwingine, anasoma herufi kwa herufi, anatia mkazo pasipostahili. Alzheimer akaliandika hilo katika makala yake ya mwaka 1907 kwa sentensi moja tu. Mboni zilikuwa nzima, lakini jicho lilikuwa limepoteza njia. Hakuwa na chombo cha kupimia njia hiyo.

Mwaka 1903 aliondoka Frankfurt, akapita Heidelberg kwa muda mfupi na kufika Munich, akimfuata Emil Kraepelin, aliyekuwa jina kubwa kuliko yote katika magonjwa ya akili Ujerumani. Hapakuwa na nafasi ya mshahara kwa ajili yake. Alifanya kazi bure kwa kutegemea mali aliyoachiwa na marehemu mkewe. Wanafunzi wake walisimulia kwamba alikuwa anapita meza hadi meza, anainama kwenye hadubini ya kila mmoja, anaweka biri yake pembeni na kuisahau. Jioni kila meza ilikuwa na kipande cha biri ya profesa.

Kati ya meza hizo ilikuwamo ya Mwafrika. Sisi wa bara hili huwa hatuambiwi habari hii, nayo inafaa isimuliwe. Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa huko Virginia, akajinunulia uhuru wake na kuhamia Liberia. Kijana Fuller alivuka bahari kwenda Marekani akiwa na umri wa miaka 17, akasoma udaktari Boston na kuhitimu mwaka 1897. Mwaka 1904 alikwenda Munich na kuwa mmoja wa wasaidizi wachache wa kigeni waliochaguliwa na Alzheimer, akakaa huko karibu mwaka mzima akijifunza kukata na kutia rangi vipande vya ubongo. Aliporudi Massachusetts aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1912 akachapisha kwa Kiingereza uchambuzi mpana wa wagonjwa wote wa aina hiyo waliokuwa wamekwisha kuandikwa, pamoja na mgonjwa wake mwenyewe. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwaeleza wasomaji wa Kiingereza juu ya ugonjwa huu. Mwaka 1933 alistaafu baada ya Mzungu mwenye cheo cha chini yake kupandishwa juu yake chuoni. Uzeeni kisukari kilimpofusha, naye akaendelea kuwatibu wagonjwa kwa kuwasikiliza hadi karibu na kifo chake mwaka 1953.

Turudi Munich. Aprili 8, 1906 Auguste Deter alifariki Frankfurt. Alikuwa amelala miezi ya mwisho amejikunja, haongei la kueleweka. Alzheimer aliomba faili lake na ubongo wake, akatumiwa. Pamoja na madaktari wawili vijana kutoka Italia akaukata, akautia madini ya fedha kwa njia mpya ya wakati huo, akaona mambo matatu. Ubongo ulikuwa umesinyaa na seli nyingi zimepotea. Ndani ya seli zilizobaki mlikuwa na nyuzi zilizosokotana kama uzi uliochezewa na paka. Na katikati ya seli, huku na huko, palikuwa na madoa magumu ya kitu kilichorundikana. Leo tunajua madoa hayo ni protini iitwayo amiloidi na nyuzi zile ni protini iitwayo tau.

Novemba 3, 1906 alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa akili mjini Tübingen na kueleza yote hayo. Alipomaliza, mwenyekiti alitoa nafasi ya maswali. Hakuna aliyeuliza. Wakaendelea na mhadhara uliofuata. Nimesoma habari nyingi za wavumbuzi, lakini ukimya ule wa Tübingen huwa unanigusa kuliko mengine, maana ndani ya chumba kile ndipo ulipotajwa kwa mara ya kwanza ugonjwa ambao mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba wenye kuugua huo na jamii zake walikuwa milioni 57.

Aliyeupa jina ni Kraepelin. Mwaka 1910, katika toleo jipya la kitabu chake kikubwa, aliuita ugonjwa wa Alzheimer. Haki itendeke: Alzheimer hakuwa peke yake. Madoa yale yalikuwa yameonwa na wengine kabla yake, na Oskar Fischer wa Prague alichapisha mwaka 1907 utafiti wake kuhusu wazee wengi waliokuwa nayo. Fischer alikuwa na asili ya Kiyahudi, alikufa katika kambi ya Wanazi ya Terezín mwaka 1942, na jina lake likafukiwa pamoja naye kwa miaka mingi. Alzheimer mwenyewe hakuwa na hakika na heshima aliyopewa. Mwaka 1911 aliandika makala ndefu kuhusu mgonjwa wa pili, mwanamume aliyekuwa na madoa lakini hana nyuzi zilizosokotana, akajiuliza kama kweli huu ni ugonjwa wa pekee au ni uzee uliowahi. Mtu mwenye tamaa ya sifa hauandiki wasiwasi wa namna hiyo kuhusu ugonjwa wenye jina lake.

Wakati Munich wanahangaika na hadubini, upande wa pili wa Atlantiki kulitokea jambo ambalo linastahili kuunganishwa na hadithi hii. Katika mji wa Middletown, jimbo la Connecticut, mwanasaikolojia Raymond Dodge alikuwa ametengeneza mtambo wa kupiga picha mwendo wa jicho kwa kutumia mwanga unaorudi kutoka kwenye uso wa jicho. Daktari wa akili wa hapo, Allen Ross Diefendorf, ndiye aliyekuwa amekileta kitabu cha Kraepelin kwa wasomaji wa Kiingereza. Wawili hao wakawaketisha wagonjwa wa akili mbele ya mtambo na kuandika jinsi macho yao yanavyoruka na kufuata kitu kinachotembea. Walichapisha matokeo mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya makala ya Alzheimer. Hawakuwa wanatafuta ugonjwa wa kusahau. Walikuwa wanatazama zaidi ile hali ambayo leo huitwa skizofrenia. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa: kwamba mwendo wa jicho waweza kusema habari za akili. Njia hizo mbili, ya Munich na ya Middletown, hazikukutana wakati Alzheimer yu hai.

Mwaka 1912 aliteuliwa profesa na mkuu wa kliniki huko Breslau, mji ambao leo ni Wrocław nchini Poland. Ndicho cheo alichokisubiri maisha yake yote. Akiwa safarini kwa treni kwenda kukishika aliugua koo, maradhi yakashuka hadi kwenye moyo, na hakupona sawasawa tena. Vita Kuu ya Kwanza ikaja na kuwachukua wasaidizi wake. Desemba 19, 1915 moyo na figo vilishindwa, akafariki akiwa na umri wa miaka 51, umri ule ule aliokuwa nao Auguste siku alipopelekwa kwake. Alizikwa Frankfurt kando ya Cecilie.

Faili la Auguste lilipotea. Lilipatikana mwaka 1995 katika hifadhi ya hospitali ya chuo kikuu cha Frankfurt, na mwandiko wake Alzheimer ndani. Mwaka huo huo nyumba alimozaliwa Marktbreit, ambayo ilikuwa imenunuliwa na kampuni ya dawa ya Eli Lilly, ilifunguliwa kuwa makumbusho.

Sasa tuje kwenye macho. Miaka ya 1990 madaktari, hasa wa Mayo Clinic ya Marekani, walianza kueleza kwa vigezo hali iliyo katikati: mzee anasahau kuliko wenzake wa rika lake, yeye na watu wa nyumbani wanaona hivyo na vipimo vinaonyesha hivyo, lakini bado anajitegemea. Huo ni upungufu mdogo wa uwezo wa akili. Si kila mwenye hali hiyo anaishia kwenye ugonjwa wa Alzheimer. Wapo wanaobaki walivyo, na wapo wanaorudi kuwa sawa. Lakini kati ya wanaofika kliniki za kumbukumbu, 10 hadi 15 katika kila 100 huingia kwenye ugonjwa kamili kila mwaka. Ndio watu ambao Alzheimer hakuwahi kukutana nao, kwa sababu waliletwa kwake wakiwa wamekwisha kuharibikiwa.

Chombo cha kufuatia macho ni rahisi kueleza. Chini ya skrini ya kompyuta kuna kamera na taa ya miale ya infraredi ambayo jicho haliioni. Taa hutia nukta ya mng'ao kwenye kioo cha jicho. Kompyuta hulinganisha nukta hiyo na katikati ya mboni, ikajua mzee anatazama wapi, mara 60 hadi zaidi ya 1,000 kwa kila sekunde. Jicho la binadamu halitelezi polepole tunavyodhani. Linaruka na kutua, kama mara tatu kwa sekunde, na kila linapotua ni ubongo umechagua.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Njia yenyewe iliazimwa kutoka kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kuulizwa kitu. Mzee anaonyeshwa picha mbili zinazofanana. Zinaondolewa. Baada ya dakika 2 analetewa tena mbili, moja ile ya mwanzo, moja mpya. Haambiwi chochote zaidi ya kutazama. Mzee mzima huitazama ile mpya kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ile ya zamani anaijua. Mwenye upungufu mdogo huzigawia macho karibu sawa, maana kwake zote mbili ni ngeni. Mwaka 2013 watafiti hao waliripoti kwamba matokeo ya kipimo hicho yalitabiri nani hali yake itashuka, hadi miaka 3 kabla ya madaktari kubadili uamuzi wao. Msomaji, rudi kwenye ile meza ya Frankfurt: penseli, kalamu, ufunguo, biri, kisha viondolewe. Ni kipimo kile kile. Tofauti ni kwamba Auguste alitakiwa ajibu kwa ulimi, na huyu wa Atlanta anajibiwa na macho yake.

Jaribio jingine ni la kukaidi. Nukta inatokea kulia, nawe umeambiwa utazame kushoto. Kila mtu hukosea mara moja moja, lakini mzima hujirekebisha mara moja. Watafiti wa Lancaster, Uingereza, wameonyesha kwamba wenye ugonjwa wa Alzheimer hukosea mara nyingi zaidi na, la muhimu kuliko hilo, makosa yao mengi hayarekebishwi.

Na kusoma je? Huko Bahía Blanca, Argentina, watafiti waliwapa wasomaji sentensi za kawaida na methali za Kihispania. Mtu anayeijua methali akifika katikati, jicho linarukia mbele kwa sababu mwisho anaujua; jaribu mwenyewe na haraka haraka haina baraka. Wagonjwa wa hatua za mwanzo hawakupata faida hiyo. Jicho lao lilitua mara nyingi zaidi, likapiga hatua fupi fupi, kana kwamba methali waliyoisikia tangu utotoni wanakutana nayo leo. Ile sentensi moja ya Alzheimer ya mwaka 1907, juu ya mwanamke anayetoka mstari mmoja na kuingia mwingine, sasa ina namba zake.

Sisemi kwamba kamera itamtangaza mtu mgonjwa. Mtoto wa jicho, presha ya macho, dawa za usingizi, sonona, ugonjwa wa Parkinson, hata uchovu wa safari ya matatu, vyote hubadili mwendo wa macho. Tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wachache, wengi wao Wazungu waliosoma. Kwa sasa hiki ni chujio la kujua nani apelekwe kwa daktari achunguzwe zaidi.

Chujio lenyewe lina faida gani? Baadhi ya wanaosahau wana tezi la shingo lisilofanya kazi, upungufu wa vitamini B12 au sonona, na hao hutibika. Kwa wenye Alzheimer yenyewe, Marekani iliidhinisha kikamilifu dawa ya lekanemabu mwaka 2023 na ya donanemabu mwaka 2024, hii ya pili ikitengenezwa na hao hao wenye ile nyumba ya Marktbreit. Zinapunguza kasi tu, haziponyi, zinaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, bei yake haishikiki, na hutolewa kwa walio katika hatua za mwanzo pekee. Mimi naona faida iliyo karibu zaidi na sisi ni nyingine: mzee anayejua mapema anapata nafasi ya kugawa shamba, kuonyesha hati ziliko na kutaja anayemwamini, kabla ya watoto kuanza kuvutana.

Na kuna hatari ya kwetu ambayo Frankfurt haikuwa nayo. Katika nchi jirani ya Tanzania, mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamekuwa yakihesabiwa kuwa ushahidi, ilhali wekundu huo umetokana na miaka ya kupikia kuni na samadi katika jiko lisilo na dohani. Pwani ya Kenya na Kisii pia wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Bibi anayetangatanga usiku asijue njia ya kurudi kwake, anayeingia ua wa jirani akidhani ni wake, yumo hatarini kuliko wote. Macho ya wazee wetu yamekuwa yakisomwa siku nyingi. Yalisomwa vibaya.

Tanzania hiyo hiyo imetoa kazi nzuri. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kati ya mwaka 2009 na 2010 walichunguzwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, na ikakadiriwa kwamba 6.4 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kikwazo kilikuwa vipimo. Vile vinavyotumika duniani humtaka mzee achore saa, aandike sentensi, ahesabu kurudi nyuma. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu ataanguka akiwa na akili timamu. Watafiti wakatunga kipimo kifupi chenye sehemu sita kisichohitaji kusoma wala kuandika. Katika sehemu moja, mhudumu hupanga njiti nne za kiberiti na kumwomba mzee apange zake vivyo hivyo. Kamera ya macho nayo haihitaji kalamu, na sasa watafiti wanajaribu kutumia kamera za kawaida za kompyuta za mkononi badala ya mitambo ya maabara, ingawa usahihi wake bado uko chini ya ule wa infraredi. Siku itakapofika Hai, itabidi kwanza ijaribiwe kwa wazee wenyewe wa Hai, wenye macho yaliyopikia kuni miaka sitini.